Vumbi Moja, Saini Tatu: Nani Akalie Kiti cha Usalama Kazini?

Mwangaluka!

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa matawi, wawakilishi wa usalama na afya mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa bila hata kulala, na waajiri mliokubali mwaliko huku mkijua tutasema nini: asanteni kwa kufika. Nimepewa dakika arobaini. Nina umri wa kustaafu na mdomo wa kustaafu pia, kwa hiyo namwomba Katibu aiweke saa yake mahali ninapoiona.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie "uongozi bora katika taasisi za usalama na afya mahali pa kazi". Nimeisoma mara tatu. Ni mada nzuri ya kusinzilia. Naomba ruhusa niigeuze iwe swali: kiti cha mkuu wa chombo cha usalama kazini kikiwa wazi, akae nani? Na sisi wenye mapafu na vidole vinavyolindwa na chombo hicho, tuulize nini kabla hajakaa?

Uteuzi unavyotufikia mnajua. Zamani ilikuwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, siku hizi ni karatasi yenye nembo ya Taifa inayozunguka kwenye simu. Amemteua ndugu fulani. Kabla ya uteuzi huo ndugu fulani alikuwa mahali fulani. Uteuzi huu unaanza mara moja. Tunasoma mistari miwili halafu tunaulizana: wa wapi huyu? Alisoma na nani? Akiwa wa kwetu tunaandika hongera, tunaweka na alama za makofi. Asubuhi tunaingia kiwandani, na katika watu mia nne wa zamu hiyo hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu bwana au huyu mama anasemaje kuhusu vumbi.

Nitaanza na vumbi, maana nililijua kabla ya kujua kusoma.

Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo, kule mwanzo kabisa ambako pamba inafunguliwa marobota na kuchanwa kabla ya kusokotwa. Jina la kiwanda naliacha lilale. Alikuwa akirudi nyumbani nyusi nyeupe, sisi watoto tukimtania kwa kumwita Babu. Kikohozi chake kilikuwa na kalenda. Jumamosi anapumua vizuri, Jumapili anaimba kanisani sauti ya chini, Jumatatu jioni kifua kimembana kama mzigo uliofungwa kamba. Jumanne nafuu kidogo. Majirani wakasema sigara, na baba hakuwahi kuvuta. Wengine wakasema kuna mtu wa zamu yake anamfanyizia. Zahanati wakampa dawa ya maji ya kifua, chupa baada ya chupa.

Miaka mingi baadaye nikawa kwenye mafunzo ya wawakilishi wa usalama. Mkufunzi akaandika ubaoni neno bisinosisi, akaeleza dalili yake: kifua kubana siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko. Niliweka kalamu chini. Kumbe kikohozi cha Jumatatu kilikuwa na jina, na madaktari walikuwa nalo kabla hata baba hajazaliwa. Waliolikosa ni sisi.

Basi nilipoanza kusoma habari za vyombo vya usalama vya nchi nyingine, nikawa nafuata vumbi la pamba, kama mtu anayefuatilia nyayo za mwizi wa ng'ombe wake. Nyayo zikanifikisha Marekani. Wenzetu wale walitunga sheria yao ya usalama kazini mwaka 1970, Rais Nixon akaitia saini tarehe 29 Desemba, na chombo chao kikaanza kazi tarehe 28 Aprili 1971. Ndiyo, 28 Aprili, hii hii tuliyokutania leo. Vyama vya wafanyakazi vya kule viliichukua iwe siku ya kuwakumbuka waliofia kazini, ikaenea, Shirika la Kazi Duniani likaipokea, na leo tumevaa fulana zenye tarehe hiyo.

Mkuu wa chombo kile ana cheo cha Waziri Msaidizi wa Kazi. Rais anapendekeza jina, Seneti inamhoji hadharani na kumpigia kura. Nataka niwasimulie wakuu watatu tu kati ya wengi, kwa sababu vumbi moja lilipita kwenye meza zao watatu.

Wa kwanza ni George Guenther. Aliwahi kuwa na kiwanda cha soksi Pennsylvania, kisha akasimamia masuala ya kazi katika serikali ya jimbo hilo. Wakati ule viwanda vya nguo vya kusini mwa Marekani vilikuwa vimejaa watu wenye kifua cha Jumatatu. Kulikuwa na madaktari waliopima, na kulikuwa na wafanyakazi waliokohoa mbele ya madaktari. Kilichobaki ni kanuni: hewa ya kiwandani iwe na vumbi kiasi gani, mwisho wapi. Juni 1972, mwaka wa uchaguzi, Guenther aliwaandikia wakubwa zake wizarani kwamba wakati wa kampeni chombo chake hakitapendekeza kanuni yoyote yenye ubishi mkubwa, na mfano alioutaja kwa jina ni vumbi la pamba. Katika andiko hilo hilo akagusia jinsi kazi za chombo zinavyoweza kusaidia kuchangisha fedha za kampeni. Siri hiyo ikaja kufichuka mwaka 1974, katika uchunguzi wa Watergate, ile kashfa ya kisiasa iliyomng'oa Nixon.

Sikilizeni vizuri ilivyokuwa. Guenther hakufuta kanuni. Hakumfukuza mkaguzi wala hakupokea bahasha, kwa tunavyojua. Alisema tu: si sasa. Na katika kazi yetu, "si sasa" ni dozi. Kila mwezi wa si sasa ni kilo kadhaa za vumbi ndani ya kifua cha mtu.

Wa pili ni mama, Dakta Eula Bingham. Alikuwa mtaalamu wa sumu katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, mtafiti wa kemikali zinazoleta saratani, na Rais Carter alimweka kitini mwaka 1977. Kazi moja aliyoifanya mapema wengi hawakuitarajia kwa mtu wa maabara: alifuta kanuni ndogondogo zaidi ya mia tisa zilizorithiwa, zile za kupima umbo la kiti cha choo na mambo ya aina hiyo, ambazo waajiri walizichekea na wakaguzi walizitumia kujazia ripoti. Akasema tuende kwenye kinachoua. Akaja na kanuni za madini ya risasi, za aseniki, na ile ya pamba.

Mwaka 1978 kanuni ya pamba ilikuwa tayari. Washauri wa uchumi wa Rais wakaisimamisha. Hoja yao haikuwa ya kijinga, tusiwaonee: bei zilikuwa zinapanda, viwanda vya nguo vilikuwa vinayumba, na kubadilisha mitambo ni gharama. Carter akaanza kuwaunga mkono. Hapo ndipo Bingham na waziri wake, Ray Marshall, walipokwenda kumwona Rais uso kwa uso. Mtumishi wa ngazi yake kwenda kubishana na jambo ambalo Ikulu imeshaonekana kuliamua, mnajua kwetu hapa lingekuwaje. Tungeisoma jioni: uteuzi wake umetenguliwa, atapangiwa kazi nyingine. Lakini Carter aliwasikiliza, kukawa na kulegezwa hapa na pale, na Juni 1978 kanuni ikatoka: katika kusokota nyuzi, vumbi lisizidi mikrogramu 200 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 1,000.

Wa tatu ni Thorne Auchter. Uchaguzi ulibadilisha serikali, na mwaka 1981 Rais Reagan akamleta huyu, kijana wa miaka thelathini na kitu kutoka kampuni ya ujenzi ya familia yake huko Florida. Moja ya mambo yake ya kwanza lilikuwa kijitabu. Chombo kilikuwa kimechapisha kijitabu cha kuwaeleza wafanyakazi ugonjwa wa vumbi la pamba, na jalada lake lilikuwa na picha ya mzee mmoja wa kiwandani aliyeharibika mapafu. Auchter akaona picha ile inaegemea upande mmoja. Nakala zaidi ya laki moja zikaharibiwa kwa amri yake. Laki moja! Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Naomba msamaha, hapa huwa nasimama kidogo. Baba yangu hakuwahi kupata hata kijitabu kimoja.

Kanuni yenyewe ilikuwa imefikishwa Mahakama ya Juu ya nchi yao. Wenye viwanda walidai serikali ipime kwanza faida na gharama, shilingi kwa shilingi. Auchter na wenzake wakaiomba Mahakama iwarudishie kanuni wakaitazame upya kwa kipimo hicho. Mahakama ikakataa. Juni 1981 ikaamua kwamba Bunge lilipotunga sheria lilishamaliza kupima: afya ya mfanyakazi mbele, ilimradi hatua yenyewe inawezekana kutekelezwa. Katika hukumu hiyo imetajwa hesabu ya watu wapatao 35,000, walio kazini na waliostaafu, waliokuwa na ugonjwa huo katika hali yake mbaya zaidi. Kanuni ikabaki. Viwanda vikabadilisha mitambo, ugonjwa ukashuka sana, na vingi kati ya vile vilivyolia gharama vikajikuta mitambo mipya inazalisha zaidi ya ile ya zamani.

Vumbi moja, wakuu watatu. Aliyeahirisha, aliyesaini, na aliyetaka kurudisha nyuma akazuiwa na mahakama.

Naona kule nyuma ndugu zangu wa chama mmeshapata jibu. "Mtu wa waajiri hafai, leteni mwanasayansi, au bora zaidi leteni mtu wetu." Ningekuwa na miaka thelathini ningewapigia makofi. Sasa subirini.

Huyu Auchter aliyeharibu vijitabu ndiye aliyekuwa kitini Novemba 1983 ilipotoka kanuni ya kuwataka wenye viwanda wawaambie wafanyakazi majina na hatari za kemikali wanazozishika. Lebo kwenye pipa, karatasi ya maelezo ya kemikali, mafunzo. Ile karatasi mnayoidai leo kwa msimamizi wa stoo kabla ya kufungua pipa la rangi, ukoo wake unapita huko. Wapo wanaosema aliisaini kwa sababu majimbo yalikuwa yanatunga kanuni kila moja ya kwake na wenye viwanda wakaona bora iwe moja. Sawa. Aliisaini.

Sasa twende Uingereza, maana kule ndiko sheria zetu zilikotoka. Mwaka 1966, tarehe 21 Oktoba, kijiji cha Aberfan huko Wales, lundo la takataka za mgodi wa makaa ya mawe liliporomoka mlimani likafunika shule ya msingi. Walikufa watu 144, watoto 116. Mgodi ulikuwa wa shirika la umma la makaa ya mawe, na mwenyekiti wake alikuwa Lord Robens, mtu aliyewahi kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi na mbunge wa chama cha Labour. Mtu wetu, kwa maneno mengine. Siku ile, badala ya kwenda Aberfan, alikwenda kusimikwa kuwa mkuu wa chuo kikuu. Tume ya uchunguzi ikalitwisha shirika lake lawama. Akaandika barua ya kujiuzulu, waziri akaikataa.

Miaka minne baadaye serikali ya Uingereza ilitaka mtu wa kuongoza kamati ya kuangalia upya usalama na afya kazini kwa nchi nzima. Waziri Barbara Castle akamteua nani? Robens.

Mngekuwa familia ya Aberfan mngefanyaje? Mimi ningetupa redio dirishani. Na bado ripoti ya kamati hiyo, ya mwaka 1972, ndiyo iliyozaa sheria ya 1974, ambayo kwa hesabu yoyote ni miongoni mwa sheria zilizookoa watu wengi zaidi kazini. Badala ya sheria tisa kumi zinazoshughulika na mashine moja moja, sheria moja yenye wajibu wa jumla kwa kila mwajiri, na wawakilishi wa wafanyakazi ndani yake. Sheria yetu ya Tanzania ya usalama na afya kazini, Namba 5 ya mwaka 2003, ukiisoma unaisikia harufu hiyo. Ya Kenya ya 2007 vilevile. Mimi sijawahi kumsamehe Robens, na kila nikiingia mafunzoni natumia kazi yake. Nimeshindwa kuyapatanisha hayo mawili, nimeyaacha yakae pamoja.

Kwa hiyo mtu katoka upande gani ni swali halali, ila linachoka mapema. Guenther hakuangushwa na soksi, aliangushwa na kalenda ya uchaguzi. Bingham hakusaidiwa na maabara peke yake. Alisaidiwa na miguu iliyompeleka kwa Rais, na waziri aliyekubali kutembea naye. Nimefika mahali ambapo nikisikia jina limeteuliwa, swali langu ni moja: huyu, akiambiwa "si sasa", atafanya nini?

Na kuna hali mbaya kuliko kumpata mtu mbaya. Nayo ni kaimu.

Kaimu mnamjua. Kila ofisi ya umma imewahi kuwa naye, wengine hapa mmekaimu mpaka mkastaafu. Simdharau mtu, makaimu wengine ni wachapakazi kuliko wenye viti. Lakini kaimu ni mpangaji: hapigi msumari ukutani. Hajui atahamishwa lini, kwa hiyo anaendesha yaliyopo. Faili lenye ubishi analiweka chini ya mafaili mengine, lisubiri mwenye nyumba.

Marekani hiyo hiyo, kuanzia Januari 2017 hadi Oktoba 2021, chombo cha usalama kazini hakikuwa na mkuu aliyethibitishwa na Seneti. Alipendekezwa bwana mmoja, Scott Mugno, aliyekuwa mkuu wa usalama katika kampuni ya kusafirisha vifurushi. Jina lilipelekwa mwishoni mwa Oktoba 2017, akahojiwa Desemba, kamati ikampitisha, kisha jina likakaa. Likakaa 2018 yote. Mei 2019 akajitoa mwenyewe. Chombo kikaendelea chini ya msaidizi, na katika hali hiyo ndipo uviko ukaingia viwandani. Katika kiwanda kimoja cha nyama ya nguruwe Sioux Falls, South Dakota, waliambukizwa wafanyakazi karibu 1,300, wanne wakafa. Wengi wao wahamiaji, wamo watu wa Afrika yetu hii. Faini iliyotozwa Septemba 2020: dola 13,494.

Niwe mkweli, kiasi kile ndicho kilikuwa kikomo cha sheria kwa kosa moja zito. Kaimu hakukitunga. Lakini mkuu ndiye anayeamua wakaguzi wahesabu kosa moja au kumi. Mkuu ndiye anayeamua kama itatolewa kanuni ya dharura au mwongozo wa kubembeleza, na walitoa mwongozo. Vyama vya wafanyakazi vilikwenda mahakamani Mei 2020 kudai kanuni, vikashindwa Juni. Mkuu aliyethibitishwa, Doug Parker, alikuja kupata kura zake Oktoba 2021, 50 kwa 41. Aliyemfuata kwa kuthibitishwa ni David Keeling, Oktoba 2025, mtu aliyeanza kazi akipakia vifurushi kabla ya kupanda hadi usimamizi wa usalama katika kampuni kubwa. Huyo bado tunamwangalia.

Kwa nini mtu mmoja awe na uzito wote huu? Kwa sababu wakaguzi ni wachache kila mahali. Marekani kwa utajiri wake wote, ukijumlisha wa serikali kuu na wa majimbo, wanahesabu wakaguzi kama 1,850 kwa sehemu za kazi zaidi ya milioni nane. Gawanyeni wenyewe. Mkaguzi mmoja ana zaidi ya sehemu 4,000. Hawezi kuzimaliza mpaka anastaafu. Kwa hiyo kazi kubwa ya mkuu si kukagua, ni kuelekeza kidole: mwaka huu twende huku. Na asikoelekeza hakuna anayekwenda.

Turudi nyumbani.

Mkoloni alituachia sheria ya viwanda ya mwaka 1950, Sura ya 297. Tuliishi nayo miaka hamsini na tatu. Wakala wetu wa usalama na afya kazini ulianzishwa mwaka 2001, na sheria mpya ikaja 2003, ikatoka kiwandani na kuingia shambani, hospitalini, dukani, kwenye ujenzi. Sikuja kumjadili mtu aliyeko kitini. Uteuzi una mamlaka yake na mimi sina namba ya simu ya mamlaka hayo. Nazungumzia kiti. Siku yoyote kitakuwa wazi, kama viti vyote.

Siku hiyo ikifika, mimi ningependa aulizwe habari za magonjwa. Ajali ina kelele. Gari la wagonjwa linakuja, mbunge anakuja, kamera zinakuja. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, nchi nzima ililia mchana kweupe, na ilistahili. Lakini kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, katika watu karibu milioni tatu wanaokufa kwa mwaka kwa sababu ya kazi, wanaokufa kwa ajali ni kama 330,000. Waliobaki, milioni mbili na laki sita hivi, wanakufa kwa magonjwa, taratibu, nyumbani, wakiwa wameshastaafu, na kwenye cheti imeandikwa kifua. Hakuna kamera inayokwenda kwa mzee anayekohoa Jumatatu. Mkuu anayeongozwa na taarifa ya habari hatafika huko kamwe.

Ningependa aulizwe na habari za ada, hapa waajiri wetu watanisaidia. Miaka michache nyuma Serikali ilifuta ada kadhaa za wakala, ikiwamo ya kusajili sehemu ya kazi, kwa sababu wafanyabiashara walilalamika kwamba mkaguzi akibisha hodi wanasikia kishindo cha mkoba wa makusanyo. Walikuwa na haki ya kulalamika. Mkaguzi anayepimwa kwa makusanyo atakwenda kwa anayelipa, yaani kwenye kiwanda kilichosajiliwa, chenye risiti, chenye mwakilishi wa usalama kama wewe. Fundi wa kuchomelea anayefumba jicho moja badala ya kuvaa miwani pale barabarani, na yule kijana aliyeko juu ya jukwaa la miti ghorofa ya nne akiwa amevaa kandambili, hawana cha kulipa na hawaonekani kwenye vitabu. Wakati kidole cha mkuu kingepaswa kuanzia hapo.

Na ningependa wenye maswali wawepo sisi. Sheria ya Waingereza ya 1974 iliunda tume, na wajumbe wake waliteuliwa baada ya kushauriana na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi. Mwenyekiti wa kwanza, Bill Simpson, alitoka chama cha wafanyakazi wa viwanda vya kuyeyushia chuma. Hakuteremshwa tu na karatasi ya jioni. Nasi tuna baraza la utatu la masuala ya kazi, Serikali, waajiri, wafanyakazi, tunakaa humo tukinywa maji ya chupa. Nani amewahi kuomba humo kwamba kabla jina la mkuu wa usalama halijatangazwa, pande zote tatu zikae naye saa moja tu? Sidai kura. Saa moja. Nimuulize akiwa mbele ya waajiri hawa hawa: kiwanda cha waziri kikikutwa hakina kifyonza vumbi, utakifunga? Jibu lake lenyewe halinipi shida, wote watasema ndiyo. Nataka nione anamtazama nani wakati anajibu.

Mwajiri mmoja ananitikisia kichwa pale mbele. Sijui ni ndiyo au hapana, mzee wangu. Kwenye chai utanieleza.

Mwenyekiti, naona Katibu ameshaivua saa kabisa, anainyanyua. Nilikuwa na la kusema kuhusu wachimbaji wadogo na nani hasa mwenye jukumu la kuwakagua, ila hilo linataka siku nzima na hasira kidogo. Kuna dada wa idara ya kusokota, yule wa kitambaa cha kijani safu ya tatu, ameinua mkono tangu nilipotaja kikohozi cha Jumatatu, na hajaushusha. Mpelekeeni kipaza sauti.